Haruna Hudakia Mapema

Jumatatu, 1 Juni

Maharagwe yako motoni tangu alfajiri. Mkaa wa safari hii mbaya, cheche tupu. Nimepepea huku naimba. Kama kila siku nimeuliza swali la wimbo wetu, nikanyamaza pale pa jibu, nikaiacha nafasi ipite yote, ndipo nikaendelea. Salha akanipigia kelele kutoka chumbani: "Bibi, siku moja sufuria ndiyo itakujibu!" Mjukuu wangu ana mdomo. Kaurithi kwangu.

Wimbo wenyewe walioolewa mtaani Biryogo enzi zetu wanaujua. Dada anauliza: *Nani abisha hodi, na mlango uko wazi?* Kaka anajibu: *Ni mimi mwana wa mama, nimechelewa njiani.* Mimi ndiye dada. Anayejibu ni Haruna, mdogo wangu. Mama aliweka sheria: hakuna mwingine wa kujibu. Mara moja Haruna alilala na malaria, nikaenda harusini bila yeye. Niliuliza, na pale pa jibu ukumbi mzima ukanyamaza, hata watoto. Kisha tukaendelea. Ndivyo tulivyofanya kazi sisi, mama yetu Sakina na watoto wake. Mama na dufu lake, kaka yetu Issa na gitaa, Haruna na kodiani yake ya kukunjua na kukunja, mimi na koo langu.

Sasa maisha yetu yanafanywa sinema. Ya televisheni. Leo Diane amekuja tena, yule binti anayeiongoza. Kakulia Uganda, Kiswahili chake kina kona kona, lakini adabu anayo. Alitaka nimwonyeshe Mama alivyofunga kilemba. Nimemfunga yeye mwenyewe. Amependeza. Nimemwambia aolewe.

Alhamisi, 4 Juni

Wamenipeleka Gikondo. Kati ya magereji kuna ghala, na ndani ya ghala wamejenga sebule ya Mama. Nilisimama mlangoni. Ukuta wa buluu ule ule. Kabati lile lile. Ila safi mno. Mama alikuwa anakausha ngozi ya dufu juu ya jiko, ukuta wetu ulikuwa masizi mpaka darini. Nimewaambia. Kijana mmoja akaenda kuleta rangi nyeusi.

Msichana anayeniigiza anaitwa Ange. Mwembamba kama mpini wa ufagio. Mimi sijawahi kuwa hivyo, hata tumboni mwa mama yangu. Nimempa mandazi, akala mawili, nikamwambia la tatu ni amri.

Nje kuna tangi la maji na mpira mrefu. Nikauliza wanaosha nini. Diane akasema, "Ni mvua, Mukecuru, bibi yangu. Ya mwisho wa sinema." Mvua ya mpira. Haya.

Kisha wakaimba wimbo wetu. Ange akauliza vizuri. Kijana anayemwigiza Haruna akasubiri, akajibu mahali pake kabisa. Nikacheka kwa sauti, wakasimamisha mashine zao. Huyo si Haruna! Haruna hudakia mapema. Toka mtoto. Hakuachi ukamaliza swali, yeye tayari yuko ndani ya jibu. Mama alimzaba makofi ya goti mbele ya mabibi harusi, na dufu halikukosa mdundo. Hakupona.

Diane akasema watazamaji watadhani mwigizaji amekosea. Nikamwambia basi wadhani. Haruna amekosea maisha yake yote, ndiyo sauti yake hiyo. Akacheka. Hakubadilisha kitu.

Jumamosi, 6 Juni

Diane ameuliza ule ugomvi wangu na Haruna. Nimemwambia chai imepoa, nikaenda kupasha. Nilipasha muda mrefu.

Nauandika hapa, niuone kwa macho. Herufi zangu si za darasani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, alinifundisha kwa chaki juu ya vitambaa vya watu, jina la mteja, urefu wa mkono. Kwa hiyo naandika kifupi. Kitambaa hakina nafasi.

Issa tulimpoteza mwaka ule wa mauaji. Hilo siandiki. Tukabaki watatu, tukaimba tena, kwa shida. Kisha Mama naye akafa, kifo cha kitandani, cha heshima. Kwetu mtu akifa vyombo vinafunikwa shuka mpaka arobaini. Dufu, gitaa, vyote. Mama ndiye aliyetufunikia vya Issa. Arobaini ya Mama haikufika. Haruna akafunua kodiani, akaenda kupiga hotelini, kwenye harusi ya mtu mkubwa. Alisema alikuwa ameahidi kabla. Nikamwambia asiye na mama hana dada. Akachukua kodiani yake na nguo zake. Salha alikuwa hajazaliwa. Sasa ana kazi, anauza simu.

Haruna yuko Niboye. Mimi Kimisagara. Mji huu si mkubwa. Ukitaka kutokuonana na mtu lazima ufanye bidii. Tumeifanya.

Jumatano, 17 Juni

Diane alikwenda kwa Haruna pia. Ameniletea salamu. Sikuzipokea, ziko hapo mezani.

Anasema Haruna amepooza upande wa kushoto. Mkono hauna nguvu, kodiani hapigi tena. Nimesema hainihusu.

Nimeunguza maharagwe.

Alhamisi, 18 Juni

Mkono wa kushoto ndio ulikuwa wa mabesi. Mzuri kuliko wa kulia.

Jumapili, 23 Agosti

Wiki nyingi sijaandika. Vumbi, kikohozi, kisha Salha na homa. Sote wazima.

Leo sehemu ya kwanza imetoka, baada ya habari ya jioni. Nyumba imejaa. Mama Kevine, jirani yangu muuza mboga, kaja na viti vyake na maoni yake. "Bibi wa Salha, huyo mwembamba ni wewe? Iko wapi sehemu nyingine?" Tumecheka mpaka tukakosa maneno ya sinema.

Mama ametoka vizuri. Walimpata mama mmoja mwenye mikono mikubwa. Alipopiga dufu nilishika kiti. Mwaka ule wameupitisha kwa giza, skrini nyeusi, kimya, kisha asubuhi. Ni sawa. Hivyo inatosha.

Kijana wa Haruna amejibu mahali pake kabisa. Nimekasirika peke yangu.

Jumamosi, 29 Agosti

Umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Tumefagia mtaro wetu wote mpaka chini. Mimi wamenipa kiti, nikakataa, nikachukua ufagio. Watu wote wanaongea sinema. Kesho sehemu ya mwisho. Mama Kevine anauliza inaishaje. Nimemwambia mimi bado niko hai, nitajuaje inavyoisha.

Jumapili, 30 Agosti

Nina hasira. Herufi zinapanda mlima.

Mwisho wao ni huu. Ange, amepakwa mvi, yuko mbele ya geti. Mvua inanyesha, ile ya mpira. Haruna wa uongo anatoka na fimbo. Ange anakimbia. Anamwangukia kifuani. Wanalia, wanaimba, yeye anauliza, yeye anajibu, mvua haikomi. Kisha majina.

Mimi sijakimbia tangu nimzae mwanangu wa pili!

Sebule nzima ilikuwa inalia. Mama Kevine alinikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. "Mungu ni mkubwa, mmepatana, na hukutuambia!" Nilifungua mdomo. Nikaona nyuso zao zote. Nikaufunga.

Salha peke yake hakulia. Aliniangalia tu.

Jumatatu, 31 Agosti

Pongezi sokoni. Pongezi msikitini upande wa wanawake, mmoja akasema mahubiri ya Ijumaa ijayo yanitaje kwa mfano mwema. Muuza dagaa kanijazia kipimo mpaka kimwagike. Kwa nini? Kwa jambo ambalo sikulifanya. Nimezichukua dagaa. Zimekaa kooni.

Nimempigia simu Diane. Nimemsema. Akasema, "Mukecuru wangu, watu wanahitaji mwisho." Nikamwambia huo mwisho wa nani? Mwenye mwisho ni mimi na bado napika. Akasema pole. Kweli aliisema kwa moyo, nilisikia. Lakini pole haifuti televisheni.

Jumanne, 1 Septemba

Imezidi. Wamekuja watu wa harusi, mama wa bibi harusi na shangazi yake, wamevaa rasmi. Wanataka mimi na Haruna tuwaimbie wimbo wetu, tukiwa wawili, kama kwenye sinema. Bibi harusi kalia usiku kucha kwa ajili ya lile geti. Nimewapa chai. Nimesema nitawajibu. Shangazi akasema, "Muulize na kaka, dada yetu, msije mkagombana tena!" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Meno yaliuma.

Nifanyeje? Nikisema kweli, naua furaha ya mtaa mzima. Nikinyamaza, naishi ndani ya uongo wa mtoto wa watu.

Alhamisi, 3 Septemba

Simu. Sauti ya mwanamke. "Wifi, ni mimi Rehema." Mke wa Haruna. Sauti yake nilikuwa nimeisahau, kumbe sikuisahau.

Akasema Haruna ameitazama sinema. Tangu siku hiyo kila asubuhi anataka kiti chake kiwekwe barazani, kielekee geti. Anauliza, "Mbona Dada tangu siku ile ya mvua hajarudi?"

Nikamwambia mvua gani, kiangazi cha Agosti? Akasema ndivyo anavyouliza, wifi. Tangu ule ugonjwa, siku nyingine kichwa chake kinachanganya.

Nikamwambia Rehema, Haruna ni mjanja toka utoto. Alijifanya kalala ili nibebe maji mimi. Alijifanya kiziwi akiitwa kusali. Huyu anajifanya. Rehema hakubishana. Akasema, "Labda, wifi. Mimi nakwambia tu anachouliza."

Ijumaa, 4 Septemba

Siendi.

Nimeomba Mungu kwa muda mrefu. Hakusema niende. Hakusema nisiende.

Kama anajifanya, ni mjanja na mimi si mjinga. Kama hajifanyi, basi kila asubuhi kuna mzee amekaa anatazama geti.

Jumamosi, 5 Septemba

Nimenunua sombe, majani ya muhogo, kwa Mama Kevine. Nyingi. Akauliza wageni wangapi. Nikamwambia atwange, asiulize. Karanga nimezisaga mwenyewe, Haruna hali sombe bila karanga nyingi.

Siyo kwamba naenda. Nimepika tu.

Jumapili, 6 Septemba

Nimekwenda.

Mabasi mawili, bakuli mapajani limefungwa kitenge, Salha pembeni anashikilia kifuniko kwenye kona. Niboye nyumba zimepangwa vizuri, kimya, maua. Nilitayarisha maneno toka Kimisagara. Maneno makali, mazuri. Tuliposhuka yote yamebaki kwenye basi.

Rehema alifungua. Amezeeka, na bado mrembo. Akachukua bakuli kwanza, ndipo mkono wangu. Nyuma yake, barazani, Haruna. Blanketi magotini kwenye jua lile. Amekuwa mdogo. Mdogo wangu amekuwa mdogo kweli.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyekumbatia. Nilisimama kama mlingoti.

Nikasema, "Geti lako limeota kutu."

Akasema, pole pole, ulimi mzito, "Na wewe umenenepa."

"Ndiyo. Hakuna tena wa kunilia chakula changu."

Nikakaa. Akaniangalia. Akasema, "Siku ile ulilowa sana, Dada."

Nikamwangalia usoni nijue. Haruna akidanganya, kona ya mdomo ya kushoto hucheka kidogo. Mama alikuwa anamkamatia hapo kila mara. Na upande wa kushoto ndio uliolala. Kona imekufa. Nikatafuta kwenye macho. Macho ni ya Mama, na ya Mama sikuwahi kuyaweza.

Nikamwambia, "Nilikauka."

Ndilo neno pekee nililopata.

Tukala. Sombe ilimdondokea kidevuni, nikamfuta kwa kanga yangu. Aliniacha. Zamani angenipiga mkono. Alipomaliza nilimwambia, maana mimi siwezi kukaa na kitu kifuani: "Ulikosea. Arobaini ya Mama ilikuwa haijafika."

Akasema, "Ahadi ni ahadi. Mama ndiye alinifundisha."

"Mama alikuwa chini ya udongo."

"Ndiyo maana sikuweza kumwomba ruhusa."

Rehema aliacha kuosha sahani. Salha alitazama simu iliyozimwa. Mimi bado nasema alikosea. Yeye bado anasema ahadi. Tumelisema, likalala hapo sakafuni katikati yetu kama mbwa mzee, hakuna aliyelipiga teke.

Nikamweleza ile harusi. Nikamwambia wanataka sisi wawili. Akainua mkono wake wa kulia, akaonyesha ule wa kushoto. Nikamwambia kodiani hakuna aliyeitaja, mdomo wako umekufa? Akasema nusu. Nikasema nusu ya mdomo wako ni kelele za kutosha.

Basi nikaimba. Hapo hapo, nimekaa, bakuli tupu mkononi. Nilianza kwa sauti ya chini. *Nani abisha hodi, na mlango*

"Ni mimi mwana wa mama!"

Hakuniacha hata nifike *uko wazi*. Ulimi mzito, *nimechelewa* imetoka nusu, *njiani* imemezwa. Mapema! Mapema kama siku zote! Kiharusi kimemchukua mkono, kimemchukua uso, hili hakikuligusa.

Nikamzaba kofi la goti. La kulia, linalosikia.

Alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona nalia, na yeye analia kwa jicho moja, na Salha analia zaidi ya sote, nikamtuma maji kwa ukali ili apate la kufanya.

Tuliimba tena. Akadakia tena. Mara zote.

Wakati wa kuondoka sikusema nitarudi. Niliacha bakuli. Rehema alilitazama, akaelewa. Bakuli la mtu haliachwi bure.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimelala vizuri. Maharagwe motoni. Mkaa huu mzuri.

Nimewapigia watu wa harusi. Nimewaambia tunakuja, ila wajue sinema iliwadanganya kitu kimoja, huyu wangu hudakia mapema, wasije wakadhani amekosea. Mama wa bibi harusi akasema hakuna shida.

Mama Kevine kauliza sombe ilikwenda wapi. Nimemwambia Niboye. Akauliza, "Kwa kaka? Si mlishapatana?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia anipunguzie bei ya sombe Jumamosi ijayo, nitaihitaji tena.

Nimeimba huku napepea. Nikauliza swali, nikafika pale pa jibu. Nafasi niliyoiacha safari hii ilikuwa fupi.